Haba na Haba, Lakini Kibaba Ki Wapi?

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kenya hukariri kabla ya kumaliza shule ya msingi, ni nadra kupata iliyotumiwa kupindukia kama "haba na haba hujaza kibaba". Huiandika katika insha, akatuzwa alama, na mambo yakaishia hapo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno, huwauliza wanafunzi wangu chuoni: kibaba ni nini? Aghalabu hunyamaza.

Kibaba ni kipimo cha nafaka walichokitumia Waswahili tangu jadi. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kwa hivyo, wahenga hawakunena juu ya punje peke yake; walinena pia juu ya chombo cha kuzipokea. Punje zisizo na chombo ni riziki ya kuku.

Hapo ndipo tunapoteleza majumbani mwetu. Njia za kubana matumizi si siri. Maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha huiva upesi, mkaa ukasalia. Balbu ya kale ya wati 60, ikiwaka saa tano kila jioni, hula uniti 9 za umeme kwa siku 30. Ya LED ya wati 9 haifikishi hata uniti moja na nusu. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kutwa kucha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hata hivyo, shilingi 20 zilizookolewa jikoni asubuhi huweza kumalizikia dukani jioni, kwa peremende na soda. Kutotumia si sawa na kuweka. Lugha yetu yalijua hilo: neno "uwekevu" limetokana na kitenzi "weka". Wala mwekevu si bahili. Bahili hujinyima na kuwanyima wenziwe. Mwekevu huziba upotevu ili siku ya haja awe na cha kutoa. Shilingi 20 kwa siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka. Mzazi aliyeziweka kando hatahangaika sawa na mwenziwe Januari ifikapo, na sare, madaftari na karo vikidaiwa kwa pamoja.

Sisemi kwamba umaskini ni matokeo ya uzembe. Anayenunua mafuta ya kupima na sukari ya robo anajua fika kwamba bei ya jumla ni nafuu. Ila hana fedha za mkupuo. Huyo ndiye anayehitaji kibaba kuliko sote, kwa kuwa akiba yake ya kwanza, hata ikiwa ndogo, yaweza kumtoa katika mtego wa kulipa zaidi kwa kununua kidogo kidogo.

Walimu wenzangu, tunapoifunza methali hii tusitosheke na maana ya ndani na ya nje. Tumwagize kila mwanafunzi aorodheshe kwa juma moja kinachopotea kwao nyumbani, akipige hesabu, kisha ajadiliane na wazazi wake mahali pa kukiweka: mkebe, chama cha akina mama, au chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Nanyi wanafunzi, msingoje mshahara ili mwanze. Tafuteni kibaba kwanza, hata kikiwa kitupu.