Msituambie Mapafu Hayakukomaa

Kuna sentensi moja ambayo mama wa mtoto njiti huambiwa katika hospitali zetu, na mimi nimeichoka. "Pole mama, mapafu yake hayakuwa yamekomaa." Husemwa kwa sauti ya chini, mkono begani, kisha faili inafungwa. Mama anaitikia kwa kichwa. Shangazi anasema Mungu ndiye mpangaji. Hakuna anayeuliza swali la pili.

Mimi ni mkunga. Nimeisikia sentensi hiyo leba na katika wodi ya watoto wachanga kwa miaka mingi, na ninaipinga. Inaeleza vizuri shida ilipoanzia. Lakini ikitumika kueleza kifo, mara nyingi ni njia ya kukwepa kujibu. Ni kama kusema abiria wa mashua iliyozama walikufa kwa sababu hawakuwa samaki. Sawa, hawakuwa samaki. Na maboya yalikuwa wapi?

Hebu tuanze na mapafu yenyewe. Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa maji. Akizaliwa, pumzi za kwanza huyasukuma maji hayo na hewa ikashika nafasi yake. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno, na kila kimoja kina utando wa maji, na maji hupenda kushikana. Unakumbuka ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku 2017? Ukilowa, pande zake ziligandana na ulihangaika kuufungua. Ndivyo vifuko hivi vilivyo. Kinachovizuia kugandana ni ute fulani wenye mafuta, unaofanya kazi kama sabuni. Huitwa safaktanti, na mwili huutengeneza kwa wingi katika wiki za mwisho za mimba.

Mtoto wa wiki 29 anao kidogo tu. Kwa hiyo kila pumzi kwake ni kama ile ya kwanza. Vifuko vinafunguka, vinagandana, anavifungua tena, zaidi ya mara 60 kwa dakika moja. Mwishowe anachoka.

Kabla hajachoka, mtoto huyo hutuambia la kufanya. Anaguna. Kila akitoa pumzi anabana koo, na unasikia mguno mfupi. Jamaa wakija kumwona hudhani analia. La, anaizuia hewa isitoke yote, ili vifuko visijifunge. Kiumbe cha kilo moja amejua dawa yake mwenyewe. Anachokosa ni nguvu za kuendelea nayo.

Kazi yetu ni kumshikia hewa hiyo. Unamwekea vijirija viwili puani, hewa inasukumwa kwa upole bila kukatika, na ncha ya mrija wa kutolea hewa unaitumbukiza katika chupa ya maji. Ukiizamisha sentimita 5, mapafu yanabaki na shinikizo la sentimita 5 za maji. Chupa inatoa mapovu. Mapovu yakikoma, unajua hewa inavuja mahali. Wodini tunaiita sipapu. Na kwa yule asiyepumua kabisa, kuna mfuko wa kupulizia na barakoa ndogo, katika dakika ya kwanza baada ya kumkausha, kwa mkono mwepesi kwa sababu mapafu hayo hupasuka. Lile kofi la matakoni mnaloliona kwenye filamu halijazi mapafu ya mtu hewa.

Sasa rudi nami hadi 1963. Mwezi Agosti, miezi minne kabla Kenya haijapata uhuru, rais wa Marekani, John F. Kennedy, alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na ushee kabla ya wakati akiwa na zaidi ya kilo mbili. Alipelekwa Boston, akaingizwa katika chumba maalumu cha oksijeni yenye shinikizo kubwa. Alifariki baada ya takriban saa 39. Mtoto wa mtu mwenye uwezo kuliko wote duniani alikufa kwa kukosa kitu ambacho leo kinaweza kufanywa kwa mrija na chupa ya maji. Kwa madaktari wake, "mapafu hayakukomaa" lilikuwa jibu la kweli. Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wamechapisha chanzo cha ugonjwa miaka minne tu nyuma, na tiba haikuwepo.

Tiba ilikuja. Mwaka 1971, George Gregory na wenzake huko San Francisco walieleza jinsi walivyowashikia hewa watoto 20 waliokuwa mahututi, 16 walipona. Mwaka uliofuata, Liggins na Howie wa Auckland wakaonyesha kwamba sindano ya steroidi kwa mama anayekaribia kujifungua mapema huyatayarisha mapafu ya mtoto kabla hajatoka. Mwaka 1980, Fujiwara wa Japani akaeleza jinsi alivyowapa watoto safaktanti yenyewe, ikimiminwa mapafuni.

Na msiniambie hayo ni ya Wazungu na Wajapani. Majirani zetu wa Malawi wana sipapu rahisi iitwayo Pumani, neno la Kichewa ambalo Mswahili halimpigi chenga. Katika utafiti uliofanywa Blantyre na kuchapishwa 2014, watoto wenye shida kali ya kupumua waliopata mapovu walinusurika asilimia 71. Waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani, asilimia 44. Jaribio kubwa la sindano ya deksamethasoni lililoongozwa na Shirika la Afya Duniani, lililochapishwa 2020, lilifanyika katika nchi tano, Kenya ikiwemo. Kwa kila akina mama 25 waliodungwa, mtoto mmoja zaidi aliokoka. Akina mama wa Kenya walisaidia kuithibitisha dawa hiyo. Kwani nani mwingine mwenye haki nayo kuliko wao?

Tazama basi tulipo. Takwimu za kitaifa za afya za 2014 zilionyesha kwamba watoto 52 kati ya 1,000 walikufa kabla ya miaka mitano. Kufikia 2022 walikuwa 41. Hongera. Lakini waliokufa katika mwezi wa kwanza walikuwa 22, na miaka minane baadaye wakawa 21. Mtoto mmoja! Lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030.

Najua kinachopendwa badala yake. Mheshimiwa anakuja na inkubeta mbili zilizofungwa utepe, kamera zinawaka, tunapiga makofi. Joto ni uhai, sibishi, lakini inkubeta haifungui mapafu, na kifua cha mama hutoa joto bila stima. Mwaka 2015 serikali ilianza kukodisha mitambo ya mabilioni kwa hospitali 98, na mingine ikakaa tu kwa kukosa stima, maji au mtu wa kuiendesha. Vifaa hupigwa picha. Muuguzi wa zamu ya usiku hapigwi. Nimewahi kukesha peke yangu na watoto zaidi ya 20 wodini. Vijirija vya sipapu hutoka puani, kamasi huziba, ngozi ya pua huchubuka. Mikono miwili haitoshi, hata Mungu akiwa upande wako.

Wapo watakaosema pumzi ni ya Mungu. Naam, na chakula ni cha Mungu, lakini hatuwaambii wenye njaa walale. Wapo wasemao tunaokoa watoto watakaopofuka. Upofu huo mara nyingi huletwa na oksijeni tupu ikimiminwa bila kipimo. Dawa yake ni kifaa cha kuichanganya na hewa, kipimo cha kidole, na daktari wa kuchunguza macho.

Ninachodai si muujiza. Sindano kwa mama kwa wakati, mahali ambapo mtoto atapata huduma. Kila uzazi uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni mtoto peke yake, akiwa na barakoa ya saizi ya njiti aliyoijaribu kabla. Sipapu yenye stima ya akiba. Na wauguzi waajiriwe kwa kudumu, wasihamishwe wodi wakishaizoea kazi.

Mpaka hapo, tubadilishe tunachoandika kwenye faili. Tuandike: mama alifika mapema lakini hakudungwa. Tuandike: barakoa iliyokuwepo ilikuwa ya mtu mzima. Stima ilipotea saa nane usiku, jenereta haikuwa na mafuta. Muuguzi alikuwa mmoja. Kila moja ya sentensi hizo ina ofisi ya kuijibu. "Mapafu hayakukomaa" haina, ndiyo maana inapendwa sana.