Imani Ina Maana Mbili

Neno imani lina maana mbili, na ya pili husahaulika upesi. Maana ya kwanza ni kuamini jambo au kumwamini Mungu. Maana ya pili ni huruma. Tukimwona mtu akimpiga punda aliyelemewa na mzigo, twasema hana imani. Tukitaka mkosaji asamehewe, twamsihi aliyekosewa amwonee imani. Lugha yetu, kwa kuziweka maana hizi mbili ndani ya neno moja, imetupa kipimo: anayedai kumwamini Mungu ilhali hana huruma kwa binadamu ameshika nusu ya neno.

Napendekeza tukitumie kipimo hicho kuyapima mahubiri ya mwisho wa dunia. Hapa mpakani, Busia na Tororo, tunayasikia mara kwa mara: sokoni, ndani ya matatu, na siku hizi katika simu zetu. Mhubiri hutaja vita, njaa na maradhi, kisha huhesabu miaka iliyobaki. Sina ugomvi na mafundisho ya siku za mwisho. Ukristo na Uislamu hufundisha kwamba dunia ina mwisho na kwamba kuna hukumu. Hoja yangu ni kwamba mafundisho hayo yakijengwa juu ya hofu, humpokonya muumini huruma, na asiye na huruma hana imani, hata akikesha akiomba.

Nchi zetu mbili zimekwisha kulipa gharama ya hofu hiyo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Walikuwa wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Walikuwa wameambiwa kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999, na wengi waliuza mali zao wakalikabidhi kundi fedha. Mwaka 2000 ulipoingia na jua likachomoza kama kawaida, baadhi yao walianza kudai mali zao. Miezi miwili na nusu baadaye, moto ukawaka. Miili mingine ilifukuliwa katika makazi mengine ya kundi hilo, na makadirio ya waliokufa yakapita 700.

Miaka 23 baadaye, msiba wa namna hiyo uliikumba Kenya. Kuanzia Aprili 2023, maafisa walifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Waendesha mashtaka wanasema waumini walifundishwa kufunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake, naye akakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi ni kujiuliza hofu iliwafikishaje watu wazima, wenye akili timamu, mahali pale.

Kwanza, hofu hufupisha muda. Aliyeambiwa kwamba imebaki miezi mitatu haoni sababu ya kupanda mihogo, kulipa karo wala kumpeleka mtoto kupata chanjo. Pili, humtenga mtu na jamaa zake, kwa maana shangazi anayehoji huitwa adui wa wokovu. Tatu, humkabidhi mamlaka yote yule anayedai kuijua tarehe. Hatimaye mama mwenye mapenzi makubwa anaweza kumnyima mwanawe uji akidhani anamwokoa. Simlaumu mama huyo. Namlaumu aliyemfundisha kwamba Mungu hupendezwa na njaa ya mtoto.

Ajabu ni kwamba maandiko yenyewe hayawaungi mkono wenye tarehe. Injili ya Mathayo, sura ya 24, inafundisha kwamba siku ile haijulikani na yeyote, hata malaika. Kurani nayo, katika Sura ya Al-Aaraf, inasema ujuzi wa Saa hiyo uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Tena Mathayo haishii hapo. Katika sura ya 25 tunaonyeshwa hukumu yenyewe, na maswali yake ni ya nyumbani kabisa: ulimlisha mwenye njaa? Ulimkaribisha mgeni? Ulimtembelea mgonjwa na mfungwa? Hakuna anayeulizwa kama aliijua tarehe. Katika mapokeo ya Kiislamu, Mtume Muhammad anasimuliwa kuwa alimwagiza mtu ambaye Kiyama kitamkuta na mche mkononi aupande kwanza, akiweza. Ni vigumu kupata fundisho lililo mbali zaidi na lile la kumkataza mtu kulima kwa sababu mwisho umekaribia.

Huenda ukaniuliza: je, hatukuamriwa kumcha Mungu? Tumeamriwa. Lakini kucha huku si hofu ya mtumwa mbele ya kiboko. Mtoto anayemheshimu babaye huketi karibu naye. Mtoto anayemhofu hujificha akisikia nyayo zake. Wengine hudai kwamba pasipo hofu ya moto watu wangeiba bila kujali. Nakubali kwamba hofu inaweza kuuzuia mkono wa mwizi usiku mmoja. Lakini haimwamshi mtu alfajiri akampikie uji jirani aliye mgonjwa. Rabia wa Basra, mwanamke wa karne ya 8 anayeheshimiwa na Waislamu wengi, anakumbukwa kwa kufundisha kwamba Mungu aabudiwe kwa kuwa anapendwa, si kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo.

Imani ya namna hiyo tunayo hapa kwetu. Itazame Hospitali ya Mtakatifu Anthony mjini Tororo, au Hospitali ya Misheni ya Nangina katika Kaunti ya Busia. Zilianzishwa na waumini ambao nao hukiri katika sala zao kwamba Kristo atarudi kuhukumu. Kungojea huko hakukuwazuia kujenga wodi.

Liko pia jambo la uraia. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya na ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda zinalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Uhuru huo si mali ya mhubiri peke yake. Ni wako pia: unaweza kuuliza, kukataa, na kuondoka. Aidha, ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtoto haki ya elimu, lishe na matibabu. Haki hizo hazingoji mzazi au mhubiri aridhie. Ukijua kwamba mtoto ananyimwa chakula au dawa kwa jina la dini, mwarifu mwalimu, chifu au polisi. Huko si kuisaliti dini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeshachimba makaburi mengi kwa kuchelewa kuuziba.

Mbadilishaji fedha makini hapa mpakani hapokei noti asiyoiamini kabla ya kuiinua kwenye mwanga na kuipapasa kwa vidole. Fanya hivyo kwa kila unabii utakaofika katika simu yako. Je, unakuruhusu kuuliza swali? Unakuacha uendelee kuwapenda wazazi wako na kusoma? Mali inayotolewa inamfikia mwenye njaa, au inaishia kwa mwenye kipaza sauti? Ukishausikia, unatamani kumsaidia nani?

Zoezi la leo ni fupi. Tunga sentensi mbili zenye neno imani, moja kwa kila maana. Kisha tunga ya tatu ambamo maana zote mbili zinaingia kwa pamoja, nawe utakuwa umeeleza ni muumini wa namna gani unayetaka kuwa.