Malipo_mwisho_kweli

Nimeadimika kidogo, projekti ya mwaka wa mwisho imenibana kisawasawa. Leo nina dukuduku.

Juzi tulikuwa na prezentesheni ya mfumo wetu wa malipo ya hosteli. Mafaili 63, yote folda moja! Humo kuna malipo.php, malipo_mpya.php, malipo_mwisho.php na malipo_mwisho_kweli.php. Usiku wa kuamkia siku yenyewe mwenzetu akarekebisha hesabu kwenye malipo_mpya, kumbe mfumo unaita malipo_mwisho. Mbele ya lekchara, mtu aliyelipa nusu akaonekana hadaiwi hata senti. Jamani, tulichemsha!

Wapo wanaosema folda ni urembo tu, muhimu programu ifanye kazi. Mimi nakataa. Angalia kiini cha Linux: programu za kuendesha vifaa ziko drivers, mambo ya mtandao yako net, mifumo ya mafaili iko fs. Hata mgeni anajua abishe hodi wapi.

Maoni yangu: gawa kwa kazi. Malipo folda yake, vyumba folda yake, wanafunzi folda yao. Matoleo ya zamani iachie Git, ipo tangu 2005, achana na kubandika "mpya" kwenye jina. Na anza siku ya kwanza, maana ukihamisha faili linaloitwa na mengine kumi, yote kumi yanagoma.

Sisi tumepewa wiki mbili turudie. Nyie je, folda zenu zikoje? Msinifiche.