Sijamsamehe, na Nalala Vizuri Tu

Jamani, hivi ni lazima kusamehe? Nauliza kwa sababu kila nikienda kwenye harusi ya mtu hakosekani shangazi wa kuninong'oneza: "Mwanangu, msamehe yule kaka, milango yako ifunguke." Kwa msiojua, yule kaka ndiye aliyekula michango ya harusi yetu wiki tatu kabla ya siku yenyewe, akahamia kwa mwingine. Kadi zilishagawiwa. Mama yangu ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Bwana mwenyewe mpaka leo hajasema hata pole.

Sasa nisiwe mbishi wa bure. Kinyongo kina gharama. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani, Charlotte vanOyen Witvliet, na wenzake waliwapima wanafunzi 71 wa chuo huku kila mmoja akimfikiria mtu aliyemuumiza. Walipolea kinyongo, moyo ulikwenda mbio, presha ikapanda, jasho likaongezeka. Walipowaza kusamehe, mwili ulitulia zaidi. Mwaka wa kwanza nilikuwa hivyohivyo. Naoga namjibu, niko kwenye daladala namjibu, bosi anaongea kwenye kikao mimi namjibu. (Nilikuwa nashinda kila mjadala, sema hakukuwa na wa kunipigia makofi.)

Ila tusichanganye mambo. Kulirudia tukio kichwani kila siku unaweza kuacha bila kumwambia mkosaji "yamekwisha". Na kusamehe kwenyewe si dawa ya kila mtu. Utafiti wa Laura Luchies na wenzake wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa ukimsamehe mtu ambaye hajakuonyesha kwamba kwake utakuwa salama na una thamani, unaweza kuanza kujishusha mwenyewe. Aliyejirekebisha, sawa, kumsamehe kunakujenga. Wangu hajafika huko. Hasira yangu kwake ndiyo inayonikumbusha kuwa nilistahili kutendewa vizuri zaidi ya pale, na sioni kwa nini niifukuze ili shangazi afurahi.

Nilichofanya ni kufuta namba yake na kuwaomba mashoga zangu wasiniletee habari zake. Ilichukua muda, lakini usingizi ulirudi.

Mwezi uliopita akatuma mtu: eti anauliza kama nimeshasahau. Nikamjibu aliyetumwa, kwa upole tu, kwamba sijasahau, ugomvi sina, na kama bwana ana neno la kusema, mama yangu bado anakaa palepale.