"Na ya Kutolea" ya Bitcoin Analipa Nani?



Sisi tunaowashonea maharusi tunapenda sana kusikia: "Nimekutumia na ya kutolea." Biharusi anayesema hivyo anajua kuwa 300,000 tulizokubaliana lazima zifike mkononi 300,000. Sasa wapo wateja, hasa walio nje, wanaotaka kulipa kwa sarafu za mtandaoni kama Bitcoin au USDT, kwa kuambiwa kuwa huko hakuna makato. Dada zetu, makato yapo.

Makato ya Bitcoin hayaangalii ukubwa wa fedha. Mtumaji analipia nafasi ya muamala wake kwenye daftari la mtandao, na ukurasa mpya huandikwa kila baada ya dakika 10 hivi. Nafasi ni chache. Watu wakijaa, anayelipa zaidi ndiye anayetangulia. Kwa hiyo anayenunua mtandio wa 20,000 anaweza kukatwa sawa na anayelipia gauni la 2,000,000. Siku za utulivu makato huwa madogo, siku za msongamano hupaa. Desemba 2017 duka la michezo ya kompyuta la Steam liliacha kupokea Bitcoin, likieleza kuwa makato yamekaribia dola 20 kwa muamala. Ikiwa duka kubwa kama lile liliona haliwezi, sembuse sisi wenye cherehani mbili?

Tupige hesabu ya mfano. Gauni ni 300,000. Kitambaa na shanga 230,000, msaidizi na umeme 40,000. Faida ni 30,000. Makato ya dola 10 tu yakituangukia, karibu faida yote imekwenda. Na hapo bado hatujalipia kuzibadili sarafu ziwe shilingi, maana muuza vitambaa hataki Bitcoin. Biharusi akighairi, kumrudishia nako kuna makato yake.

Wapo watakaosema hata simu inakata. Kweli, lakini makato ya simu yanajulikana kabla ya kutuma. Watasema pia zipo njia nafuu, kama Lightning kwa Bitcoin. Nayo ni kweli, ila lazima pande zote mbili ziwe na njia hiyo. USDT nayo hupita mitandao tofauti, na makato ya Ethereum si ya Tron. Ukituma kwa mtandao ambao mpokeaji hautumii, fedha zinaweza kupotea.

Dini yetu inatutaka biashara iwe ya kuridhiana, bila gharari. Bei ambayo hujui itafika kiasi gani ni mlango wa ugomvi, na ugomvi wa fedha wiki ya harusi hauna baraka.

Rai yetu ni hii: shilingi iwe ndiyo njia ya kawaida. Benki Kuu ya Tanzania ilikwishatangaza mwaka 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Mteja wa nje atumie njia ambayo makato yake yanajulikana mapema, na ayabebe anayetuma. Yaandikwe kwenye risiti ya arubuni, pamoja na nani atalipa gauni likighairiwa, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Fundi naye ana watoto wa kulisha. Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye kheri na mapenzi. Amin.