Kocha hatamuona mtoto aliye ndani ya shimo

Siku ya Jumapili, kiwanjani, tunapiga makofi: «Huyu mtoto atafika mbali!» Jumatatu tunamkuta kwenye mgodi, mfuko wa mchanga kichwani. Sasa atafika wapi?

Wazazi wenzetu wa Kasongo na Kabambare, tuambiane kweli. Kocha wa chuo kikuu cha Marekani hatakuja kutafuta mchezaji Salamabila. Hata Dikembe Mutombo, mwaka 1987, alitoka Kinshasa na burse ya masomo, alitaka kuwa munganga. Ni kule Georgetown, akiwa mwanafunzi, ndipo kocha John Thompson alimuingiza katika timu ya basketi. Shule ndiyo ilimfikisha mbele ya macho ya kocha.

Basi mtoto mwenye kipaji tumuache asome mpaka diploma ya Serikali. Vyuo vya kule vinaangalia pointi pia, si miguu tu. Awe na cheti cha kuzaliwa chenye umri wa kweli. Kuandikisha mtoto mbele ya siku 90 ni bure. Mechi zake zipigwe video na telefone, tuwatumie makocha: tuanze na Maniema Union pale Kindu, kisha mbali zaidi. Na yule anayeomba pesa kwanza eti «atampeleka Ulaya», tumfukuze.

Sisi wa chama cha wachimbaji tunaomba neno moja kwa kila shimo: siku ya masomo, mwanafunzi asishuke. Hata kama baba yake ndiye PDG.