Wazee, Wasimulieni Vijana Yote

Ni nadra kikao cha wazee kumalizika bila kijana kulaumiwa. Hana adabu, hana uzalendo, suruali imemshuka, moyo wake wote uko kwenye hela na simu. Kisha hufuata sifa za "enzi zetu", na hapo kijana hunyamaza, kwani enzi hizo hakuwapo.

Waliokuwapo wanajua zaidi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kulipinga Jeshi la Kujenga Taifa. Walitakiwa kutumikia miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Wale waandamanaji, walio hai, leo ndio wazee wetu wa miaka 80 na kitu.

Na mavazi je? Kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kama hayakuvaliwa, marufuku ilikuwa ya nini? Waliofuata nao wakavaa bugaluu za kufagia barabara na viatu vya raizoni. Picha zimo kwenye albamu zenu. Zitoeni wajukuu wazione.

Sisemi vizazi havitofautiani. Vinatofautiana sana, ila tuanze kutazama maisha kabla ya kuhukumu tabia. Aliyehitimu chuo miaka ya 1970 alisomeshwa na serikali, na serikali hiyo hiyo ikampangia kazi. Mwenye uhakika wa mshahara na pensheni haoni shida kuhubiri, kama Azimio, kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Mhitimu wa leo anatoka chuoni na deni la Bodi ya Mikopo, anazunguka na bahasha ofisi hadi ofisi, mwisho anachukua bodaboda ya mkataba. Huyo akihesabu kila shilingi mnamwita mpenda fedha? Simu anayoing'ang'ania ndiyo benki yake na ndimo wateja wanamompata. Hata michango ya misiba yenu, wazee, humo humo inapita.

Makosa anayo. Kubeti kunamla pato la siku nzima kabla jua halijatua, na anastahili kukemewa bila kuonewa haya. Lakini karipio la mtu anayejisifia utakatifu wa ujanani halimwingii kijana, naye ana haki. Basi wazee wangu, msimulieni yote: maandamano, mawigi, foleni za sukari na sabuni, hata ulanguzi mliofanya usiku ili watoto wale. Kisha mkemeeni kuhusu kubeti, tena kwa ukali.